Tairi Lililolika Katikati

Alhamisi, saa saba na dakika arobaini na tano mchana, fundi wa pikipiki alirudi gerejini kutoka kula. Alifungua kufuli kwa ufunguo wake, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma, akaona pikipiki mbili mahali alipoacha tatu.

Hakuingia. Sakafu ilikuwa imetandazwa unga wa mbao alioumwaga mwenyewe kabla ya kutoka, ili unywe oili iliyodondoka asubuhi. Ilikuwa desturi yake ya kila siku, na haukanyagwi mpaka ufagiliwe. Alijipapasa mifukoni, akakumbuka kwamba simu ameisahau mezani nyumbani. Basi akaenda mlango wa pili kwa mshonaji, akaazima simu, akapiga polisi. Mwizi huwa anakimbia. Huyu alikwenda kuazima simu ya kujiitia askari. Lakini hilo Inspekta alikuja kulifikiria baadaye sana.

Inspekta alifika saa nane na dakika kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kuamua, na sifa hiyo ya wepesi ndiyo iliyompandisha cheo. Alikuja na pikipiki yake ya kawaida, aina ile ambayo mtu huketi wima, mikono ikitulia na magoti yasilalamike. Haikuwa na jina wala mbwembwe. Kila siku ilimvusha mlima wa kona kumi na mbili kutoka nyumbani kwake hadi kituoni, na jioni ikamrudisha.

Chumba kile, chenye mlango mwingine wa kutokea uchochoroni, kilikuwa ghala la chama kidogo cha waendesha pikipiki watatu. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa milango yote miwili, na wa nne ulikuwa wa fundi. Funguo za pikipiki zenyewe zilining'inia kwenye ubao ukutani.

Iliyopotea ni Nyigu, mali ya daktari wa meno mwenye kliniki mtaa wa nyuma. Ilikuwa pikipiki ya mbio: usukani uko chini, kiti kimepanda, mwendeshaji analala juu ya tangi kama anayechungulia kisima. Kwa mlio wake mtaa mzima ulijua daktari anakuja kabla hajakata kona. Ilikuwa imewekwa ndani kabisa, ukutani. Mbele yake, ikiwa imeziba njia, ilisimama Kochi, pikipiki ya safari ya mwalimu mkuu mstaafu, yenye kioo kipana, masanduku ubavuni na uzito wa mifuko saba ya saruji. Pembeni ilikaa Kiti cha Enzi, pikipiki ya mwenye bucha, ndefu, ya chini, miguu inanyooshwa mbele na mikono inaning'inia juu, chombo cha mtu asiye na haraka ambaye anataka watu waone hana haraka.

Inspekta alipiga picha kumi na moja za sakafu kwa simu yake. Akakagua kufuli: halikuvunjwa. Kisha akapiga simu kituoni, akataja jina la fundi, na baada ya dakika nne jina likarudi na faili.

"Saa saba ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, nakula. Ni mitaa miwili tu kutoka hapa."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu."

"Mke atasema nini kingine? Kochi hilo nani anaweza kulisogeza?"

"Mimi, kwa kigari changu kile cha magurudumu madogo. Mtu mwingine atapinda mgongo, maana sakafu inateremkia ukutani. Kulitoa ni kulirudisha nyuma, mlimani."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Walikuwa wamekwisha kutoka nje, barabarani, na majirani walikuwa wamejaa vibarazani. Inspekta hakuipunguza sauti. "Wewe ulifungwa miezi minane kwa wizi wa pikipiki, ukiwa na miaka kumi na tisa. Kweli au uongo?"

Fundi alikuwa akitazama nyuma ya Inspekta, aliposimama mkewe. Alikuwa amekuja kumletea simu aliyoisahau. Walikuwa wameoana miaka kumi na mitano, na hilo la miezi minane ndiyo kwanza alisikie, pamoja na mtaa mzima.

Alimkabidhi Inspekta ile simu, si mumewe, akageuka akaenda zake. Saa nane na nusu fundi alikuwa ndani ya gari la polisi. Jumatatu angepelekwa mahakamani, na kwa faili lile hakuna aliyetarajia arudi hivi karibuni.

*

Saa tisa Inspekta alikuwa kliniki. Daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini na mbili anayejiita Mshale, alikuwa amefunga bendeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alisema ni kazi: kutwa nzima mtu umeinamia vinywa.

"Nilikuwa na Mwalimu kwenye kiti tangu saa saba kamili mpaka saa nane," alisema. "Gego la chini. Muulize mwenyewe."

"Pikipiki yako inauzikaje?"

"Afande, ile haiuziki, inatamanika. Gia ya tatu tu, wale wenzangu hawapo tena kwenye kioo. Ndiyo maana sisafiri nao kwenye msafara. Natangulia nusu saa, nazipita zile kona kumi na mbili za mlimani, wakifika juu kwenye mkahawa wananikuta na soda ya pili." Alicheka kidogo. "Jumapili hii ilikuwa zamu yangu kuwaongoza, tupande pamoja. Sasa wataongozwa na Kochi. Pole yao."

"Unadhani fundi aliitoaje?"

"Kwani kuna kazi gani? Unalikalia, unalitia moto, unakibonyeza kile kitufe cha kushoto bila kukiachia, lenyewe linarudi nyuma taratibu. Kochi la bibi kizee lile, si pikipiki."

Inspekta aliandika yote kwenye daftari. Alikuwa mwandishi mzuri. Siku hiyo hakuwa msomaji mzuri.

Saa kumi na nusu alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, mjane wa miaka sitini na tatu aliyewahi kunyoosha shule nzima kwa jicho tu. Mdomo wake wa chini ulikuwa umelegea upande mmoja na chai ilimchuruzika kidevuni.

"Usinitazame, mwanangu," alisema akijifuta kwa leso. "Sindano mbili hizi. Nimekuwa kama mtoto mchanga."

"Daktari alikuwa nawe muda wote? Saa saba mpaka saa nane?"

Mwalimu aliikunja leso mara nne. "Muda wote," alisema.

Alizungumza kwa raha zaidi alipoulizwa kuhusu Kochi. Alieleza jinsi alivyosafiri nayo siku tatu mfululizo akashuka mgongo ukiwa mzima, jinsi upepo unavyokatwa na kile kioo mpaka mtu unaweza kuimba na ukajisikia. Kwenye kona, alisema, Kochi halipendi papara. Punguza mwendo mapema, liamini, litakugeuza. "Hao wengine wananicheka. Wacheke. Mimi nafika."

*

Ijumaa asubuhi Inspekta alikwenda kwa mshonaji kuchukua maelezo, jambo la kutimiza faili tu. Mshonaji alizungumza huku anasukuma kitambaa chini ya sindano.

"Mimi nilidhani Mwalimu amekuja kuchukua la kwake," alisema. "Kama saa saba na dakika kumi hivi. Nililisikia likinguruma kwa chini, vile linavyofanya. Kidogo, likanyamaza. Baadaye tena kidogo."

"Na ile ya daktari?"

"Ile hainikuti nikiwa nimekaa, Afande. Ikiwaka nadondosha mkasi. Jana haikuwaka."

Inspekta alitoka akasimama kibarazani, akazifungua zile picha kumi na moja ambazo hakuwa ameziangalia tangu azipige.

Kwenye unga wa mbao, tairi nene la Kochi lilikuwa limerudi nyuma likapita tena juu ya alama zake. Kulia na kushoto kwake kulikuwa na nukta za ncha za viatu. Anayesukuma pikipiki hutembea upande mmoja. Anayegusa chini pande zote mbili ameikalia. Tena hapakuwa hata na mstari mmoja wa magurudumu madogo ya kigari. Alama za Nyigu zilipita katikati ya chumba mpaka mlango wa uchochoroni, na nyayo za mtu upande wa kushoto peke yake. Nyigu ilisukumwa, ikiwa imezimwa. Na aliyeitoa Kochi hakuwa na haja ya kigari, kwa sababu alijua jinsi ya kuirudisha nyuma yenyewe.

Ushahidi huo alikuwa nao mfukoni tangu jana saa nane na robo, alipomwita mtu mwizi mbele ya mke wake. Masikio yalimwaka moto. Alitamani aziweke zile picha kwa siri, aseme zimechelewa kufunguka, lakini hata yeye alijionea kinyaa kwa kuwaza hivyo.

Akamkumbuka mwenye bucha. Jana, alipohojiwa kwa simu, mtu huyo alisema alikuwa dukani kwake saa saba, na mshonaji, ambaye hununua nyama kwake, alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwamba bucha lilifungwa tangu saa saba kasoro robo.

Mwenye bucha alikuwa pande la mtu. Alipoulizwa mara ya pili aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Lazima niseme?"

"Kuna mtu yuko ndani kwa kosa ambalo huenda si lake."

"Nilikuwa kwenye mtihani wa leseni," alisema akiutazama ubao wa kukatia. "Kule uwanjani. Nilikuwa nazunguka koni na vijana waliozaliwa juzi, kwa pikipiki ndogo ya kujifunzia. Miaka sita naendesha Kiti cha Enzi, Afande, sijawahi kuwa na leseni. Ndiyo maana naiendesha polepole vile. Watu wanadhani ni madaha."

"Umefaulu?"

"Nimeangusha koni mbili."

Karatasi ya mtihani ilikuwa na muhuri wa saa saba na nusu. Inspekta aliirudisha. Siku nyingine angemwandikia kosa palepale. Siku ile alijiona hana mdomo wa kumsema mtu.

Alirudi gerejini peke yake. Sasa aliuangalia ukuta ambao jana aliupita. Fundi alikuwa hatupi tairi kuukuu kabla mwenyewe hajaliona. Alilitundika, akaandika kwa chaki jina la pikipiki na mwezi. Yalikuwepo mawili ya Kochi, yamelika mviringo, kote sawa, mpaka karibu na kingo. Moja la Kiti cha Enzi lilikuwa karibu jipya. Na matatu ya nyuma ya Nyigu, ya mwaka mmoja.

Inspekta alilishusha la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa yamekwisha katikati, bapa kama ubao wa kusukumia chapati, na kingoni mpira ulikuwa bado unang'aa, na vile vinyweleo vyembamba vya kiwandani havijakatika hata kimoja. Akatoka nje akachuchumaa kwenye pikipiki yake mwenyewe. Tairi lake, la pikipiki isiyo na jina, lilikuwa limelika mpaka ukingoni kwa kupanda na kushuka mlima ule kila siku. Anayepinda kona hulaza pikipiki, na pikipiki ikilala hula ukingo wa tairi. Nyigu haikuwahi kulala. Mwaka mzima ilikwenda moja kwa moja.

*

Kituoni, Ijumaa saa kumi jioni, fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu.

"Daktari hajawahi kupita zile kona," Inspekta alisema.

Fundi aliinua kichwa. "Umeyaona matairi."

"Anakwenda njia gani, basi?"

"Barabara kuu, ile inayozunguka mlima. Ni ndefu, lakini imenyooka kama rula. Ndiyo maana anatangulia nusu saa. Mwaka jana, mara ya kwanza kabisa, nadhani aliteleza kwenye moja ya zile kona. Aliniletea nimbadilishie kioo cha pembeni, akasema gari limeigonga ikiwa imeegeshwa. Kioo kilikuwa na majani ya mlimani."

"Ulijua mwaka mzima. Kwa nini jana hukusema?"

"Ningesema nini? Sikujua kama ndiye. Nilijua tu anaogopa, na mtu kuogopa si wizi." Fundi aliviangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimetolewa kamba. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, Afande. Mtu ananiletea pikipiki yake nimtengenezee. Si kazi yangu kumvua nguo hadharani."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ukali. Inspekta aliinuka akatoka, na kwenye korido alisimama kidogo akiwa ameutazama ukuta.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa tena kwa Mwalimu. Mdomo wa Mwalimu ulikuwa umerudi mahali pake.

"Sindano mbili za nini, Mwalimu? Jino moja."

"Ya kwanza iliisha nguvu kabla hajaanza."

"Haiishi nguvu kwa dakika tano."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na wote wawili walisikiliza ufagio mpaka ukakoma.

"Nilisinzia," alisema hatimaye. "Alinidunga, akasema tungoje ganzi ishike, akatoka. Nikasinzia, mdomo wazi, nakoroma. Mimi. Nimewachapa watoto miaka thelathini kwa kusinzia darasani. Alipokuja kuniamsha saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika hamsini, shingo yangu imelowa mate, ganzi imepungua. Nikaona haya. Nikasema moyoni, hili ni langu, halimhusu mtu. Sikujua kama kuna mtu linamfunga."

"Nani anakijua kile kitufe cha kushoto cha Kochi?"

"Si fundi, yeye na kigari chake. Ni mmoja tu, na alinisihi nisimwambie mtu." Mwalimu alishusha pumzi. "Mwezi uliopita aliniomba aliendeshe peke yake. Alirudi baada ya saa mbili, Afande, anatabasamu kama aliyepona ugonjwa. Aliniambia hajaumwa mgongo hata kidogo."

*

Kliniki ilikuwa haina mgonjwa. Saa tatu na nusu Inspekta alivua kofia ya pikipiki, akaiweka kwenye meza ya vyombo.

"Mlio wa Nyigu unajulikana mtaa mzima, Daktari, na Alhamisi haukusikika. Kwa hiyo ilisukumwa. Mtu mmoja, na kifundo kibovu cha mkono, hawezi kuisukuma mbali. Uchochoro wa nyuma ya gereji unatokea wapi?"

Daktari aliivutavuta bendeji yake.

"Unatokea hapa. Nina kibali cha upekuzi, lakini ningependa ufungue mwenyewe."

Alisimama taratibu, akiwa ameshika kiuno. Nyuma ya kliniki kulikuwa na chumba cha kiti kibovu cha meno. Alifungua. Chini ya turubai, ikiwa imegusa kile kiti, Nyigu ilikuwa inang'aa bila hata doa la vumbi. Alikuwa ameifuta.

"Mgongo unaniuma kila siku," alisema. "Mikono inakufa ganzi. Ile ni ya mtu wa miaka ishirini na tano, mimi nilijua siku ya kwanza. Lakini ukiisimamisha mahali watu wanageuka. Maisha yangu yote mtu akiniona anafumba mdomo, anaondoka. Kwa mara ya kwanza watu wakawa wananifuata waangalie." Alikaa kwenye kile kiti kibovu. "Halafu Jumapili. Wangekuwa nyuma yangu. Wangeona naingia kona ya kwanza kama mtoto anayejifunza baiskeli."

"Ungesema unaumwa."

"Nimesema mara mbili."

"Na fundi?"

"Nilidhani mtatafuta, mtakosa, basi. Sikujua ana faili. Nilipoona mmemchukua niliingia ndani nikafunga pazia." Aliinua macho. "Afande, sema mmeikuta porini. Wezi wamekimbia. Fundi anatoka leo, na hakuna anayeumbuka."

Inspekta alitamani hilo. Lingemfaa na yeye pia: wezi wasiojulikana, na hakuna ambaye angeuliza kuhusu picha kumi na moja. Alishika pembe ya turubai kana kwamba anataka kuifunika tena Nyigu.

"Mtaa utasema fundi aliwapa ufunguo," alisema. "Utasema hivyo mpaka azikwe. Isukume, twende. Utawaambia wenzako mwenyewe."

Gerejini Mwalimu na mwenye bucha walikuwa wanangoja. Daktari aliisukuma Nyigu mpaka mlangoni, akasimama nayo, akawaambia yote: barabara kuu, soda ya pili, kona ya nne alikoteleza, sindano. Alisema kwa sauti ndogo huku anautazama usukani. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Mwenye bucha alikohoa, akasema yeye hana leseni. Mwalimu akasema alikoroma. Wakatazama kando kama watu waliokutana bafuni, kisha Inspekta akamwambia daktari aandamane naye kituoni, ana maelezo ya uongo ya kujibu.

*

Saa tano asubuhi alifungua mahabusu. Fundi alirudishiwa mkanda na kamba za viatu, akakaa kuzifunga.

"Samahani, Fundi," Inspekta alisema. "Nilikosea. Nilikuwa na picha, sikuziangalia. Niliangalia faili."

Fundi alifunga kiatu cha kwanza, akafunga cha pili.

"Samahani umeisemea chumbani, Afande," alisema. "Lile jingine ulilisemea barabarani."

Walikwenda kwa pikipiki ya kawaida, fundi nyuma. Mbele ya nyumba yake majirani walikuwa vibarazani, na mke alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Inspekta alishuka, akavua kofia. Alifungua mdomo, sauti ikatoka nusu.

"Hatujasikia," mke alisema.

Inspekta alinyoosha mgongo. Akasema tena, kwa sauti ileile ya Alhamisi, mpaka kibaraza cha mwisho: "Mume wako hakuiba. Nilimkamata bila kosa. Kosa ni langu."

Mke akamgeukia mumewe. "Na wewe una yako ya kunieleza, ya miaka kumi na mitano," alisema. "Ingia ndani, utaniambia mwenyewe, polepole." Akautoa mkono kwenye fremu, na fundi akapita.

Mlango ulifungwa. Inspekta alibaki barabarani na kofia mkononi. Alitaka sana kuivaa, ashushe kioo, uso usionekane. Hakuivaa. Aliishika hivyohivyo, akasimama, mpaka majirani walipomaliza kumtazama.